Mwalimu Mwanaheri na Kura ya Karafuu

Mwanaheri Kibwana alizaliwa Kinole, kwenye mteremko ambao mama yake aliurithi kwa mama yake, kama ilivyo desturi ya Waluguru. Alikulia kati ya migomba, mikarafuu na midalasini. Alipomaliza chuo cha ualimu, wenzake wengi walihangaika kubaki Morogoro mjini. Yeye aliomba kurudishwa nyumbani. Watu walimwambia milima itamchosha, naye akajibu kwamba milima haijawahi kumchosha mtu, kinachochosha ni uvivu.

Kwa miaka mingi alifundisha Siasa. Watoto walikariri, yeye akasahihisha. Kisha nchi ikabadilika. Maduka ya watu binafsi yakafunguliwa, malori ya wanunuzi wa matunda yakaanza kupanda kutoka Dar es Salaam, vyama vikawa vingi, na somo la Siasa likapewa jina la Uraia. Vitabu havikufika upesi, kwa hiyo walimu wengi wakaendelea na mambo yale yale chini ya jina jipya. Hilo siwezi kulisifu. Anayepewa kazi mpya akaifanya kwa mazoea ya zamani anaidanganya serikali na anawadanganya watoto.

Mwanaheri hakudanganya. Kila Ijumaa aligeuza Darasa la Sita kuwa bunge. Spika alikalia kiti cha mwalimu, na mezani mbele yake kililazwa kigogo cha mdalasini kiwe siwa, ile rungu ya mamlaka ya bunge. Madawati ya kulia yalikuwa ya serikali, ya kushoto ya wapinzani, na kila juma pande zilibadilishana. "Anayejua kujibu bila kujua kuuliza ni nusu mbunge," alisema. Waziri wa Kilimo aliulizwa kwa nini mikungu ya shamba la shule huiva na kutoweka siku hiyo hiyo. Mwalimu Mkuu alikuwa anapita dirishani. Alisikia swali hilo akaongeza mwendo.

Mwalimu Mkuu huyo alikuwa Laurenti, mwenyeji wa Turiani, mtu mwema lakini mwoga wa kelele. Kila mwaka alimteua kiranja mkuu yeye mwenyewe. Katikati ya mwaka 1995, wakati nchi nzima ilipokuwa ikijiandaa kwa uchaguzi wa vyama vingi, Mwanaheri alimwendea ofisini na kuomba safari hii watoto wachague wenyewe.

"Mwalimu Mwanaheri, hayo mambo yaishie huko mjini," Laurenti alisema. "Hawa ni watoto."

"Ndiyo maana nawafundisha sasa, Mwalimu Mkuu. Wakishakuwa wazee watanisikiliza?"

Laurenti alicheka bila kutaka. "Haya. Lakini nisikie lalamiko moja tu la ugomvi, kiranja namteua mimi, na habari ya kuchagua tusiisikie tena shuleni hapa."

Wagombea walikuwa wawili, wote wa Darasa la Sita. Salum alikuwa mtoto wa Mzee Hatibu, mnunuzi wa ndizi aliyenunua gari dogo la mizigo na kuvuta bomba la maji kutoka chemchemi hadi uani kwake, ambako majirani wote waliteka. Pili alikuwa binti wa mwanamke mkulima, mwembamba, mwenye ulimi mkali kuliko umri wake.

"Mkinichagua mimi, kengele ya kwenda nyumbani itagongwa mapema," Salum aliahidi kwenye kampeni.

"Kengele ni ya Mwalimu Mkuu, si ya baba yako!" Pili alimrushia. "Usitugawie visivyo vyako."

Uwanja mzima ulicheka, na Salum akacheka nao.

Karatasi shuleni zilikuwa haba. Mwanaheri akaamua kutumia walichokuwa nacho tele. Nyuma ya kanga iliyotundikwa pembeni mwa darasa aliweka sahani mbili, moja ya karafuu na nyingine ya vipande vya mdalasini. Karafuu ilikuwa ya Pili, mdalasini wa Salum. Kila mpiga kura aliingia nyuma ya kanga, akachukua kipande kimoja, akakifumba kiganjani, akatembea hadi mezani na kukitumbukiza kwenye debe mbele ya mashahidi. Jicho la mtu halikuona kitu. Mwanaheri aliridhika. Kura ya siri, alisema, imepatikana bila hata karatasi moja.

Darasa la Nne walitangulia, wakubwa wakafuata. Nje ya mlango alisimama Abuu, rafiki mkubwa wa Salum, akimpa mkono kila aliyetoka. "Hongera, mheshimiwa! Hongera kwa kutimiza haki yako!" Walimu walimwona wakacheka, wakasema mtoto huyu atakuwa mwanasiasa. Debe lilipomwagwa mezani, Salum alikuwa amemwacha Pili mbali sana. Mwalimu Laurenti alitabasamu, akampongeza Mwanaheri mbele ya wote.

Jioni ile Mwanaheri alimkuta Zuleha, mtoto mdogo wa Darasa la Nne, nyuma ya jiko la shule. Alikuwa akisugua viganja kwa majivu na majani ya mlimau hadi vimekuwa vyekundu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unafanya nini, mwanangu?"

"Haitoki, mwalimu."

"Nini haitoki?"

"Karafuu." Machozi yalimlenga. "Abuu alinishika mkono, kisha akanusa wake. Akasema, wewe wa Pili, tutaonana bombani. Na sisi maji tunateka kwa kina Salum."

 Mwanaheri aliinua viganja vyake mwenyewe akavinusa, na hakusikia chochote. Mtu aliyeshinda na sahani ya karafuu huacha kuisikia, kama asivyosikia pumzi yake. Lakini watoto waliokuwa kwenye foleni walikuwa na pua, na pindi Abuu alipoanza kunusa, habari ilipita kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Wengi waliobaki walichukua mdalasini kwa hofu ya ndoo zao.

Angeweza kunyamaza. Mwalimu Mkuu alikuwa ameridhika na hakuna mzazi aliyelalamika. Akisema, huenda watoto wasichague tena kamwe katika shule ile. Wapo watu wengi wenye heshima zao ambao wangenyamaza, na wangekuwa na sababu nzuri za kutuambia. Asubuhi yake Mwanaheri aliingia ofisini kabla hajaingia darasani.

"Uchaguzi wangu haukuwa wa siri," alisema, akaeleza yote, ila jina la mtoto hakulitaja.

Laurenti alivua miwani. "Si nilikwambia? Nilisema nisisikie lalamiko."

"Ulisema la ugomvi. Hakuna aliyegombana. Mtu mmoja aliogopa, na kosa ni la njia yangu."

"Na Salum je? Nimnyang'anye ushindi uliotangazwa? Mzee Hatibu nitamwambia nini?" Alifikiri kidogo. "Leo Ijumaa. Lipeleke kwenye hilo bunge lako. Wakikubaliana wenyewe, na Salum akiwemo, rudieni. Wakigombana, imekwisha. Nami nitakuja kukaa nyuma."

Akaja kweli, akakaa dawati la mwisho, magoti yakiwa yamepanda juu. Spika siku hiyo alikuwa Yunusi, mvulana mpole. Mwanaheri alieleza hoja kwa maneno machache. Darasa likageuka kumtazama Abuu.

"Mheshimiwa Spika," Abuu alisema, "kunusa si kosa. Pua ni yangu."

"Pua yako, mkono wangu!" msichana mmoja alipaza sauti.

"Utulivu, waheshimiwa!" Yunusi aligonga meza. "Mheshimiwa Pili."

Pili alisimama. "Mheshimiwa Spika, mimi nimeshindwa na sina la kupoteza. Namuuliza mwenzangu swali moja. Salum, wamekupenda wewe au wamelipenda bomba la baba yako?"

 Salum alijikuna kichwa muda mrefu. Mwanaheri alitaka kumsaidia, akajizuia.

"Sijui," Salum alisema hatimaye. "Mimi sikumtuma Abuu. Lakini kweli, sijui." Akamgeukia rafiki yake. "Wewe pua ndefu, umeniharibia. Nitaongozaje watu nisiojua kama wananitaka? Turudie. Na huyu Pili nitamshinda tu, mwacheni na mdomo wake."

"Ndoto hizo!" Pili alijibu.

Yunusi aliwauliza wanaoafiki, na paa likatikisika. Akawauliza wasioafiki, na hata Abuu hakufungua kinywa. "Nadhani waliosema ndiyo wameshinda," akatangaza kwa sauti nzito ya Spika, na mwalimu Laurenti, kwa kujisahau, akapiga meza pamoja nao.

Jumatatu walirudia. Kila mtoto alipewa punje moja ya mahindi, sawa na ya mwenzake, na nyuma ya kanga palikuwa na vyungu viwili vyenye alama, vimetandikwa majani makavu ya migomba ili punje isisikike inapoangukia. Abuu alipangiwa kazi ya kugawa punje, mahali ambapo kila mtu alimwona.

Salum alishinda tena, safari hii kwa kura nne tu. Pili alimpa mkono na kumwambia ajiandae kwa maswali ya Ijumaa.  Mwalimu Laurenti alisema tu kwamba mwaka ujao vyungu viwekwe mbali zaidi na dirisha. Mwanaheri alielewa kwamba mwaka ujao upo, na siku hiyo alitembea nyumbani taratibu, akifurahia mteremko wake.

Njiani alipita karibu na bomba la Mzee Hatibu. Zuleha alikuwa kwenye foleni na ndoo yake. Abuu, ambaye kunyamaza kulimshinda, alimsogelea.

"Haya, bibi mdogo. Leo ulimpa nani?"

Zuleha alitua ndoo chini. Akanyoosha viganja vyote viwili, akavileta hadi chini ya pua ya Abuu.

"Nusa," akasema.