Jiwe Lililomtoka Kaka

Kazini walimwita Nyundo, na jina lilimkaa kama ngozi. Alikuwa mwanamke mwenye mabega mapana, mchorongaji wa udongo, mmoja wa wale wanaotangulia kabla jengo halijawa jengo. Hao ndio wanaotoboa shimo jembamba kwenda chini ili kujua kama ardhi itabeba mzigo au itausaliti. Na kazi yenyewe ni ya kupiga. Unasimamisha miguu mitatu ya chuma, unafunga winchi, unashusha fimbo ndefu shimoni na mrija mtupu kwenye ncha yake, halafu nyundo yenye uzito wa mtu mzima inavutwa juu kwa kamba na kuachiwa. Du! Inavutwa tena. Du! Mmoja anahesabu mapigo mpaka mrija uzame kiasi kinachotakiwa. Udongo mgumu hula kipigo kingi. Udongo dhaifu huzama bila hata kubisha.

Ncha ya kidole chake cha mwisho ilikatwa na nyundo hiyohiyo mwaka wake wa kwanza. Akiulizwa kimekwenda wapi, alijibu, "Nilikiacha shimoni kama sampuli."

Kipigo alikijua kabla ya kuijua kazi. Baba yake alikuwa mtu wa mkanda; chumvi ikizidi, mkanda, ikipungua, mkanda. Kaka yake, aliyemtangulia miaka michache tu, alikuwa akijitupa katikati. Mgongo wa yule kijana ulibeba mistari ya watu wawili. Siku moja mchana baba aliuacha mkanda, akashika mchi, akamwendea Nyundo, aliyekuwa bado binti mdogo. Kaka akaunyakua ule mchi na kumtwanga nao baba mkononi mpaka mfupa ukaitika. Baba alitoka akiwa ameushika mkono wake kama mtoto mchanga, na hakurudi tena. Mama alilia, ila hakusema ni kwa furaha au kwa msiba. Tangu siku hiyo kaka akawa baba wa nyumba, na ngumi yake ikazoea kuwa jibu la kila swali.

Alikua akawa fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Alioa, akajenga kwenye mteremko ulio juu ya kijito, safu ya chini kabisa ambako viwanja havikugombewa, akamchukua na mama akae naye. Mvua kubwa za mwaka uliotangulia zilishuka na nusu ya kilima, zikameza nyumba tatu za majirani zao. Maiti zilitolewa kwenye tope kwa majembe. Kabla watu hawajamaliza kuomboleza, walikuja wanaume na rangi nyekundu wakachora alama ukutani, na nyuma yao tingatinga na mgambo wenye virungu. Safu iliyo juu ya yao ikalazwa chini siku hiyohiyo. Mke wa kaka alijaribu kuwahi kutoa godoro la jirani, akapigwa kirungu cha mdomo, meno mawili yakamtoka.

Kwa hiyo Nyundo alipoambiwa na injinia wao kwamba kazi inayofuata ni mteremko ule, kupima ardhi kwa ajili ya ukuta wa kuzuia kilima kisiporomoke tena, hakufurahi. Injinia alikuwa mwanamke kijana, mtu wa maneno machache na mwaminifu kwa kazi yake. Alisema mwenyekiti wa mtaa ameshaarifiwa.

"Mwenyekiti ndiye aliyewaonyesha wa tingatinga njia," Nyundo alimwambia. "Ngoja niende kwa ndugu yangu kwanza."

Alikwenda jioni ileile. Kaka alikuwa karakana, ubavuni mwa nyumba yake, amevua miwani ya kuchomelea, jasho linamchirizika.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Nasikia unakuja kutupimia kaburi."

"Ni ukuta, kaka. Wa kuwakinga."

"Wale wenzenu nao walisema wanapanua njia." Alipangusa mikono kwa tambara. "Sikiliza, mdogo wangu. Kesho usije. Watume wengine."

"Mtambo ni wangu. Hauendi bila mimi."

"Basi nimekwambia. Watu hapa wameshiba maneno."

Mama, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua mchele, hakuinua kichwa. "Mnabishana nini ninyi? Tumbo moja liliwazaa," alisema, akaendelea kutupa chuya.

Asubuhi wakaja na lori. Walikuwa wanne: Nyundo, injinia, dereva, na mtu wa winchi waliyemwita Kimya kwa sababu hakuwahi kunyamaza. Kimya alikuwa akisema na kamba, akisema na vyuma, akisema na mvua. Walisimamisha miguu mitatu katika uwazi uliobaki pale nyumba zilipolazwa, hatua chache kutoka kwa kaka. Watu wakaanza kutoka milangoni mmoja mmoja. Hakuna aliyesalimu.

Shimo lilianza kuzungumza mapema. Mita za kwanza, mrija ulizama kwa uzito wake tu, nyundo haijaachiwa hata mara moja. Ulipopandishwa na kufunguliwa, ndani mlikuwa na matambara, makaa, vipande vya chupa na tope jeusi linalonuka. Injinia alilifinya kwa vidole.

"Hiki si kilima," alisema polepole. "Ni jalala lililofunikwa udongo. Tuendelee chini."

Chini zaidi walikuta mfinyanzi, na hapo nyundo ikapata mpinzani. Du! Du! Kila pigo lilitikisa ardhi mpaka kwenye nyayo. Masufuria yakalia ndani ya nyumba. Kikombe kikaanguka mahali na kuvunjika. Halafu mwanamke mmoja akapiga kelele kwamba ukuta wake umepasuka, na kweli ulikuwa na ufa, wa jana au wa mwaka juzi nani angejua. Kelele ile ndiyo iliyokata kamba ya subira.

"Wanabomoa! Wanaanza tena!"

Jiwe la kwanza lilipiga boneti ya lori. La pili lilimpata dereva begani. Injinia alinyoosha mikono akiita, "Ndugu zangu, nisikilizeni!" na mtu akamvuta nywele kwa nyuma, akamwangusha, akaburutwa matopeni huku teke likimfuata mbavuni.

Wakati huo nyundo ilikuwa juu kabisa, Kimya ameishikilia kwa kamba, na Nyundo ameinama chini yake, mikono yote miwili kwenye kiungo cha fimbo kilicholegea. Alisikia Kimya akisema, "Toa mikono, dada, toa, toa!" Akainua macho. Akamwona kaka yake amesimama juu ya kifusi, mkono umekwenda nyuma, nusu tofali kiganjani. Aliuona mkono ukija mbele. Tofali likampata Kimya usoni, kwenye jicho la kulia, kwa sauti kama ya nazi inayopasuliwa.

Mtu yeyote angeachia kamba. Kimya hakuiachia. Alipiga magoti, damu ikamwagika mpaka kifuani, viganja vikichunika kwenye kamba, akaishikilia mpaka Nyundo akaruka kando. Ndipo nyundo ikashuka, du, mahali palipokuwa na mikono.

Baadaye Nyundo alisema hakumbuki vizuri yaliyofuata, lakini mikono yake ilikumbuka. Ilishika spana ya mabomba, ndefu kama paja. Ilimpiga yule aliyemburuta injinia, na mfupa wa bega lake ukavunjika. Ilimpiga mwingine magotini. Panga likapita karibu na shingo yake likakata hewa na kipande cha kola. Alipiga akipiga ukelele, na ukelele wenyewe ulimtisha kwa sababu aliutambua: ulikuwa wa baba. Watu walioshika miguu ya mtambo waliuangusha, nao ukamwangukia mmoja wao pajani. Akalia mpaka wenzake wakaacha mawe na kukimbilia kuinua chuma. Hapo ndipo dereva alipopata mwanya. Walimtupa Kimya nyuma ya lori, wakamvuta injinia, wakaondoka kioo cha mbele kikiwa kimebaki pembeni tu.

Njiani Kimya alikuwa amelaza kichwa mapajani mwa Nyundo. "Angalia kamba isije ikakatika," alikuwa akisema. "Angalia kamba." Hospitali walimwosha, wakamshona, wakatoka na kusema jicho halipo tena. Injinia alikuwa na mbavu mbili zilizopasuka. Akiwa amekaa kwenye benchi ameinama upande mmoja, alimuuliza Nyundo kama alimwona aliyerusha.

Nyundo alisema, "Nipe mpaka kesho."

Kesho yake mchana alirudi mteremkoni peke yake, na watu walimpisha bila neno. Wifi yake alikuwa mlangoni. "Usiingie," alisema kwa mdomo wake wenye pengo. "Mama analala." Nyundo akaingia.

Kaka alikuwa ameketi kitandani, viatu miguuni.

"Nililenga mtambo," alisema kabla hajaulizwa.

"Umemtoa mtu jicho."

"Nililenga mtambo, nimekwambia!"

"Mikono yangu ilikuwa chini ya nyundo ile, kaka. Angeiachia, leo ningekuwa nalishwa na mama kama kinda."

Hilo hakulijua. Nyundo aliona likimwingia, likashuka, na lilipofika chini likageuka hasira, maana ndani ya mtu yule hapakuwa na mahali pengine pa kuliweka. Akainuka, akampiga kofi. Tangu wazaliwe hakuwahi kumgusa. Nyundo akashika kigoda, akamvunjia nacho begani. Wakashikana. Walipigana kimya kimya, kama watu wanaohamisha kabati, wakigonga kuta, kabati la vyombo likaanguka, damu ya pua ya kaka ikapaka fulana ya dada. Wifi aliwamwagia ndoo ya maji. Mama alikuwa ameamka, amesimama akishikilia fremu ya mlango.

"Mgongo wangu wote ni wako," kaka alisema akihema. "Kila kovu. Leo unakwenda kunichongea?"

"Najua ni wangu," Nyundo akasema. "Nisingejua, ningekwenda polisi jana."

Akatoka. Mama alimfuata mpaka uwanjani. "Ukimtaja, usinizike," alimwambia. Mwanamke yule hakuwahi kutamka neno kama hilo, hata kwa mume aliyempiga miaka yote.

Alimtaja. Aliketi mbele ya askari, akasema jina, nyumba, mkono uliorusha. Akaongeza, "Hatakimbia. Nendeni kwa adabu." Hawakwenda kwa adabu. Walikwenda na magari mawili, wakavunja mlango ambao kaka aliuchomelea kwa mkono wake, wakamtoa akiwa hajabisha, wakampiga mbele ya mama yake kwa vitako vya bunduki, na kituoni wakaendelea. Nyundo alipoona sura yake mahakamani hakuitambua. Taya lilikuwa limekaa upande. Alisimama akapiga kelele kwamba hakuwatuma hivyo, akatolewa nje na kuambiwa ashukuru hajawekwa ndani. Alikaa ngazini akijipiga paja kwa ngumi mpaka likavimba.

Kimya alitoa ushahidi akiwa na kitambaa jichoni. Hakimu alipomuuliza kama anamtambua mshtakiwa, alisema, "Mheshimiwa, kwa jicho lililobaki siwezi kuapa. Lile lililomwona ndilo lililoondoka." Watu walicheka, hakimu akagonga meza. Lakini neno la Nyundo lilitosha. Kaka akafungwa.

Uchorongaji ulimaliziwa. Safari hii injinia alianza kwa kuwaita watu uwanjani, akawawekea sampuli juu ya meza, matambara, makaa na vyote, wakazigusa na kuzinusa. Hakuwaficha. Alisema ukuta utajengwa, nguzo zake zitashuka mpaka kwenye mwamba, ila safu ya chini haiwezi kubaki. Hakuna ukuta utakaoshikilia nyumba iliyokaa juu ya taka. Walitafutiwa viwanja juu, pakavu, na muda wa kuhama. Wengine walikubali. Wengine walitema mate. Mtu mmoja alisema kwa sauti, "Kumbe fundi alisema kweli, walikuja kutuhamisha." Nyundo aliyasikia, na yalikuwa kweli.

Siku ya kuhama alikwenda bila kualikwa. Mama alimpita kama anavyopita mti. Wifi alikuwa akihangaika na kitanda cha chuma peke yake, akamtazama muda mrefu.

"Unaangalia nini? Shika miguuni huko," alisema. Wakakibeba mpaka juu, wakitua na kubeba.

Gerezani kaka alikataa kumwona mara nyingi. Siku aliyokubali, alikaa upande wa pili wa wavu akipumua kwa kupima, maana mbavu zake ziliunga vibaya. Hawakuzungumzia polisi, hawakuzungumzia mama. Mwishowe akauliza, "Yule mwenzako. Anafanya kazi?"

"Anafanya. Ila winchi imempa taabu, hakadirii vizuri umbali."

"Mwambie..."

"Mwambie mwenyewe," Nyundo akasema. "Mimi si tarishi wenu."

Alidhani Kimya atakataa. Kimya alisema tu, "Nipeleke." Langoni alisita, akajifunga upya kitambaa, akaingia peke yake. Nyundo alibaki nje kwenye jua, mgongo ukutani, akisikiliza milango ya chuma ikifunguka na kufungwa. Mara akasikia sauti ya Kimya ikipanda, matusi juu ya matusi, ya mama, ya baba, ya ukoo, na sauti ya askari ikimwonya. Kisha ikashuka. Ikakaa chini muda mrefu.

Alipotoka uso ulikuwa umelowa, na hakujisumbua kuufuta.

"Amesemaje?" Nyundo akauliza.

"Alichosema ni changu." Kimya alianza kutembea kuelekea barabarani. "Nimemtukana mpaka maneno yameniishia. Ametulia tu, anasikiliza. Mwezi ujao nitakuja tena, kuna mengine nimeyasahau."

Nyundo akamfuata, akihamia upande wa kulia, ule asiouona, ili magari yasimpitie karibu.