Nyuzinne, Mpiga Besi wa Bendi ya Kutu

Wifi yangu alipata jina la Nyuzinne kwa sababu ya uongo wa kaka yake. Kaka mwenyewe ndiye mume wangu, kwa hiyo kisa hiki nimekisikia kutoka pande zote mbili, na kila upande unajitetea.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kaka yake alikuwa na gitaa kuukuu lililokatika nyuzi mbili nyembamba, na alipojipatia jingine, lile bovu akamtupia mdogo wake.

"Hili sasa ni besi," akamwambia, uso mkavu kabisa. "Gitaa likibaki na nyuzi nne, linageuka besi lenyewe."

Binti akaamini. Mwaka mzima alilipiga akijua anapiga besi, na marafiki wa kaka walipokuja nyumbani walicheka mpaka wakashika mbavu. Jina la Nyuzinne likaanzia hapo. Kumbe uongo ule ulikuwa na ukweli ndani yake. Nyuzi nne zilizobaki zinatoa sauti zilezile za besi, ila ziko juu zaidi. Siku aliposhika besi ya kweli, nzito kama mlango, vidole vyake vilikuwa vinajua njia tayari. Kaka hakucheka tena. Alimwomba aingie kwenye bendi aliyotaka kuianzisha.

Muziki wa roki waliupatia gerejini. Baba yao, ambaye sasa ni baba mkwe wangu, alikuwa fundi wa malori, na karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, mlango wa jikoni ukitazamana na rundo la ekseli. Lori moja lilikaa pale wiki sita likisubiri gia, na ndani ya redio yake palikwama kanda isiyo na maandishi yoyote. Mzee hapendi kufanya kazi kwenye ukimya, kwa hiyo aliiwasha kila siku. Wiki ya kwanza alilalamika. "Hawa watu wanagombana na nani?" Wiki ya tatu alikuwa anapiga mluzi wa nyimbo zao chini ya lori. Mpaka leo hatujui waimbaji wale walikuwa akina nani. Lori liliondoka na kanda yake, lakini watoto wawili walikuwa wameshaambukizwa.

Mtu wa tatu alikuwa Unga. Huyu ni mwokaji mikate, na jina lake halihitaji maelezo kwa yeyote aliyemwona akitoka kazini. Yeye na Nyuzinne walikaa dawati moja tangu darasa la pili. Unga alikuwa hawezi kutulia, alipiga ngoma juu ya dawati kwa penseli, na mwalimu akigeuka, mikono ya Unga ilikuwa imeshakunjwa kama ya malaika. Nyuzinne aliadhibiwa mara tatu kwa makelele yale na hakuwahi kumtaja. Urafiki wao ulianzia kwenye adhabu hizo. Walipokuwa wakubwa watu walisubiri waoane, wakachoka kusubiri. Unga alioa mwanamke mwingine, na Nyuzinne ndiye aliyekwenda naye kuchagua suti.

Mimi nilikuja mwisho. Nilikuwa karani wa posta mwenye sauti kubwa, na walinisikia nikimwita mteja aliyesahau kitambulisho chake kauntani. Tukaiita bendi yetu Kutu, kwa heshima ya mahali tulipofanyia mazoezi.

Nimweleze wifi yangu kidogo. Kazi yake ni kupima macho na kutengeneza miwani katika duka lenye milango ya kioo, na huko huwezi kudhani huyu ndiye anayetikisa madirisha siku za Jumamosi. Chai anainywa ikiwa imepoa kabisa. Anavaa soksi za kijani tu, eti zinamwondolea uamuzi mmoja kila asubuhi. Vitabu vya upelelezi anaanza kusoma ukurasa wa mwisho, halafu anarudi mwanzo kumwangalia muuaji akijifanya mwema. Wimbo anaoupenda ni ule unaokatika ghafla, na asichokivumilia ni gitaa linalojisifu peke yake dakika nne, jambo ambalo mume wangu anadai halimhusu.

Basi, ikafika siku ya harusi yangu.

Tulikubaliana kwamba bendi itapiga, bibi harusi aimbe, na mama yangu asiambiwe mapema. Ukumbi ulikuwa mkubwa, jukwaa refu na pana. Nikapanda na gauni langu, nimelikunja kwa mkono mmoja, mikrofoni mkono wa pili. Wimbo wa kwanza ulianza vizuri. Katikati yake Unga akaanza kukimbiza ngoma.

Tatizo hilo tulilijua. Gerejini Unga alikuwa saa ya ukutani. Mpandishe jukwaa kubwa, anageuka farasi aliyeona nyoka. Nyuzinne ndiye aliyekuwa anamrudisha, kwa kutikisa kichwa na kumkazia macho, na siku ile alitikisa kichwa mpaka kilemba kikaanguka. Unga aliongeza mwendo. Nikawa naimba kama mtu anayesoma orodha ya majina huku gari linamwacha.

Nyuzinne akaacha kupiga. Akageuka, akamwambia mbele ya wageni wote, tena karibu na mikrofoni yangu, "Unga, unakwenda wapi? Si utuambie tukufuate!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Unga hakucheka. Aliweka vijiti juu ya ngoma, polepole, akashuka na kutoka kwa mlango wa nyuma. Tukamalizia harusi kwa muziki wa kanda.

Miezi minane hawakusemeshana. Mimi na mume wangu tulikwenda kila upande kusuluhisha, tukarudi mikono mitupu. Unga alisema, "Wifi yako amenivua nguo mbele ya watu." Nyuzinne alisema, "Namtazama usoni, ananiona, halafu ananipuuza makusudi." Hilo la kupuuzwa ndilo lililomuuma. Alianza kuzunguka mtaa wa pili akienda kazini ili asipite mbele ya tanuri la mikate. Mazoezi tukafanya watatu, bila ngoma, na ilikuwa kama kula bila meno.

Halafu asubuhi moja mlango wa kioo wa duka la miwani ukafunguliwa, na Unga akaingia. Mkewe ndiye aliyemtuma. Unga alikuwa amempungia mkono mwanamke mwingine barabarani akidhani ni yeye, mkewe akiwa upande wa pili anamwona. Mfanyakazi mwenzake Nyuzinne alikuwa likizo, kwa hiyo hapakuwa na pa kukwepea.

"Kaa hapo," Nyuzinne akasema kwa sauti ya kazini. "Ziba jicho la kushoto. Soma mstari wa tatu."

Unga akakodoa. "Mstari?"

"Huo ulio ubaoni."

"Kwani pale pana ubao?"

Nyuzinne alinisimulia kwamba alidhani ni mzaha, akataka kumfukuza. Akamsogezea kiti karibu na ubao. Unga hakuona. Akakisogeza tena mpaka Unga akasoma, akatazama umbali uliobaki. Ulikuwa ule umbali wa gerejini, kutoka kwenye ngoma hadi kwenye besi.

"Unga," akasema. "Kule jukwaani, ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa naona kitu cha kahawia kinatikisika," Unga akajibu. "Nikadhani umenogewa, unataka tuongeze mwendo."

Nyuzinne akakaa kwenye kiti cha wateja. "Miaka yote hiyo?"

"Nilidhani kila mtu anaona hivyo."

Aliomba msamaha hapohapo, kipimo kikiwa bado mkononi, na si kwa maneno mengi. Unga naye akakiri kwamba alipaswa kurudi kwa mlango uleule wa nyuma, ila aibu ilimshika. Kisha Nyuzinne akamvalisha ile fremu nzito ya majaribio, akabadilisha lenzi moja baada ya nyingine, bora hii au ile, bora hii au ile, hadi Unga akaacha kukodoa. Alikuwa anamtazama usoni.

"Kumbe ukikasirika unakunja pua," akasema.

Jumamosi iliyofuata alikuja gerejini na miwani mipya, imefungwa kwa kamba nyuma ya kichwa isiruke. Baba mkwe akaacha spana, akaja kusimama mlangoni. Mwezi mmoja baadaye tulipiga mchana kwenye ukumbi uleule wa harusi yangu, jukwaa lilelile. Mwendo haukuyumba hata kidogo. Tulipomaliza wimbo wa kwanza Unga akalalamika kwamba sasa anawaona watu wa safu ya mbele wakipiga miayo, na hilo hakuna aliyemtahadharisha. Nyuzinne akamwambia azoee, akaanza kuhesabu wimbo unaofuata.