Kitabu cha Nyimbo cha Shangazi

Juzi pale Makambako nilisimama kuitazama mashine ya zege ikizunguka, nikacheka peke yangu, kicheko kibaya.

Baba aliunda ya kwake nyuma ya nyumba yetu Kitandililo: pipa, vipande vya panga kuukuu na pedali za baiskeli. Ilisaga karatasi zilizolowekwa, kisha akatia saruji na kufyatua matofali mepesi. Ua mzima ulinuka wino na uji uliochacha. Mchana mmoja Shangazi, dada yake Baba, alilichukua daftari langu la michoro akalitumbukiza humo.

"Mtoto wa kike na michoro wapi na wapi?" alisema. "Bora liwe ukuta."

Alipoingia jikoni nilichukua kitabu chake cha nyimbo za kanisani, kile alichokibeba kama yai, nikakitosa pipani na kukanyaga pedali mpaka kikawa uji. Niliamini nyimbo zinakaa kitabuni. Nikikisaga, atabaki bubu. Jumapili akaimba beti zote bila kitabu, akaizidi sauti kwaya nzima. Niliumia kuliko siku ya daftari.

Matofali yale yalijenga chumba chake. Sasa amezeeka, na kila nikienda kumwona huusifia ukuta wake unavyozuia baridi. Kisha huniuliza, "Kile kitabu changu, mwanangu, hukuwahi kukiona?"

Mimi nimeuegemea ukuta huo, mgongo wangu unapata joto.

"Hapana, Shangazi," namjibu. "Endelea kutafuta."