Nakusengera

Astérie hakuwa na ulimi wa kuhubiri, na alilijua hilo mapema. Mumewe ndiye aliyekuwa shemasi huko kwao Rumonge, nchi ya Warundi. Vita vilipomchukua, Astérie alikimbia kwa boti ziwani na nguo za mwilini na imani ileile waliyokuwa nayo wawili. Ujiji alipokewa na Bi Kuruthumu, mjane wa Kiislamu, aliyempa chumba cha uani bila kumuuliza anasali wapi.

"Lala kwanza," alimwambia. "Maswali waachie wenye kazi ya kuuliza."

Basi wakaishi. Asubuhi Astérie alikwenda ufukweni Kibirizi kuanika dagaa wa watu. Akirudi aliteka maji na kufagia ua wote, si upande wake tu. Kuruthumu naye alikuwa na starehe yake moja, kumrekebisha Kiswahili. Mgeni akisema "kurara", mwenyeji anajibu "kulala", maana kinywani mwa Astérie R na L zilikuwa zimepanga chumba kimoja. Ikafika mahali Kuruthumu hasahihishi tena. Neno likitoka limepinda, analinyoosha mwenyewe kichwani na mazungumzo yanaendelea.

Kibirizi kulikuwa na mwinjilisti Leodgar, mwenye spika kubwa kuliko hoja zake. Aliwapigia Waislamu kelele za jehanamu wakiwa wanapakua samaki, wala hakushika hata ncha ya kamba kuwasaidia. Huyohuyo siku moja alimkazia macho Astérie kanisani. "Unakula na yule mama kila siku. Siku ya hukumu atasema hukumwambia."

Maneno yale yalimkaa kooni. Kumwambia aliyekustiri kwamba ataungua ni utovu wa adabu, nani angebisha? Lakini alimpenda Kuruthumu. Alitaka, kabla mmoja wao hajafa, amwambie kwa kinywa chake ni nani aliyemshika mkono asipatwe na wazimu alipofiwa na mume. Akaamua kungoja aulizwe.

Aliulizwa siku mbaya. Ashraf, mwana wa pekee wa Kuruthumu, alikuwa amevuka ng'ambo na shehena ya sabuni, na boti haikurudi. Mtaani watu wakaanza yao: mara ameuawa, mara alikuwa anapeleka bunduki. Kuruthumu alikuwa amekaa mkekani, upindo wa kanga mdomoni, akamgeukia mpangaji wake.

"Astérie, wewe mumeo walikuulia. Asubuhi unaamkaje?"

Ndiyo nafasi aliyoiomba miaka yote. Kiswahili chote kikamkimbia. Likabaki neno la Kirundi, lile la kumwombea mtu, akalivalisha Kiswahili haraka haraka.

"Nakusengera, Bi Kuruthumu. Wewe na Ashraf. Kanisani sisi wote tunawasengera kira siku."

Kuruthumu alilinyoosha neno kama alivyozoea. Akasikia: tunawasengenya.

Hakugomba. Alikunja mkeka akaingia ndani. Tangu hapo shikamoo ikaitikiwa marahaba kavu, na kila mtu na chungu chake. Mgeni angeuliza tu, jamani! Angesema, "Bibi, nimekosa nini?" Lakini Astérie alidhani amemkwaza mwenyeji wake kwa kumletea dini katikati ya msiba. Akaona unyenyekevu ni kufunga mdomo, akaufunga, akazidi kufagia ua.

Kisha amri ikatoka kwamba wakimbizi wote walioko mitaani wapelekwe kambini. Lori lilipita Mwandiga likaelekea bara, na Astérie bado anageuka nyuma. Kuruthumu hakuwa ametoka kumuaga.

Ulipita muda mrefu kabla hajamwona mtu wa Ujiji. Siku moja kwenye gulio la kambini alimkuta Khamisi, mchuuzi wa dagaa aliyekuwa jirani yao, akamkimbilia.

"Khamisi! Ukirudi, mwambie Bi Kuruthumu sijamsahau. Mwambie mpaka leo namsengera."

Khamisi akaacha kupima. "Unamsengenya, halafu unanituma nikamwambie? Dada, una akili timamu?"

"Kumsengera! Kumtaja kwa Imana, kwa Mungu, amlinde. Ninyi mnasemaje?"

"Sisi tunasema kumwombea. Kusengenya ni kumsema mtu vibaya mwenyewe akiwa hayupo."

Astérie alikaa chini palepale vumbini. Mkeka uliokunjwa, chungu kilichotengwa, vyote alivielewa kwa mara moja. "Yoo, mawe, mama yangu! Nenda kamwambie, Khamisi. Mwambie ni neno la kwetu. Mwambie nilikuwa namwombea."

Uso wa Khamisi ulishuka.

"Bi Kuruthumu tulimzika Ramadhani iliyopita, dada. Ashraf hakurudi, naye mama hakuinuka tena." Alipoona jinsi Astérie alivyomtazama, akaongeza upesi, akidhani anamfariji: "Lakini alikutaja. Alisema, 'Yule Mrundi alitusema vibaya, mimi na mwanangu, tena na kanisa lake zima. Mkimwona mwambieni nimemsamehe.'"

Jumapili ile, katika kanisa la maturubai, watu walisimama kuwaombea wafiwa. Astérie alibaki kwenye gogo lake. Alijaribu kumtaja Kuruthumu mbele za Mungu, akaishia kulia, kwa sababu yule mama alikufa amemsamehe kosa ambalo hakulitenda, na hakukuwa na mtu tena wa kwenda kumweleza.