Kidonda cha Jumatatu

Mwanangu wa kwanza ni mtafiti wa vidonda vinavyokataa dawa. Nyumbani tunamwita Mpekuzi, kwa sababu tangu utotoni hakuna kopo lililofungwa ambalo hakulifungua. Ana miaka thelathini na miwili, na minane kati ya hiyo imeishia maabara.

Mimi shule niliishia darasa la saba, ila kazi yake naijua kwa kuwa alinionyesha. Bakteria waliotoka kwenye usaha wa wagonjwa huwapaka kwenye kisahani, akapanga juu yake vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja na dawa yake, kisha akafungia kwenye kabati la joto. Kesho yake bakteria wametanda kama ukungu. Dawa inayoua huacha duara safi kuizunguka, na ikiwa kali duara huwa pana. Isiyoua, wanaiparamia.

"Nilipoanza kazi maduara yalikuwa mengi, Mama," aliniambia. "Siku hizi nashukuru nikiona moja."

Tangu siku hiyo, kila akirudi nikawa namkagua kama askari wa getini. Mdogo wake humtania, "Dada, wadudu wako wameshakula? Maana sisi huku bado." Wanacheka wote wawili. Mimi sicheki.

Jumatatu moja alirudi na plasta kwenye kidole gumba.

"Nini hicho?"

"Kioo tu, Mama. Kisahani kilipasuka."

"Umeandikisha?" Sheria yao naijua: ukikatwa, unaandika kwenye daftari la ajali siku hiyohiyo.

"Nikiandika wananitoa kwenye utafiti wiki tatu. Miaka minne nimehangaika, halafu amalizie mwingine? Nimeosha vizuri. Usinisemee, Mama, tafadhali."

Sikumsemea kwa mtu.

Alhamisi asubuhi nilimkuta kitandani anachemka, anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Mkono umevimba, mstari mwekundu umepanda hadi juu ya kiwiko. Hospitali walimtundikia dripu ya dawa ya kawaida. Daktari akazungushia ule wekundu wino wa kalamu, akaniambia, "Mama, wekundu ukivuka hapa, niite."

Haikupita saa ukavuka.

Akaitwa mkuu wake wa maabara, mwanamke wa rika langu. Alifika anahema.

"Kuotesha usaha wake tutaotesha, ila jibu ni kesho au keshokutwa," alisema. "Hana muda huo. Amekatwa lini? Daftari la ajali halina kitu."

"Labda ni kisu cha jikoni," daktari akasema, akanitazama.

Nikisema, nimemharibia kazi aliyoipenda kuliko usingizi. Nisiposema, wanabahatisha dawa, na wekundu unapanda.

"Jumatatu," nikasema. "Maabara. Kisahani kilipasuka."

"Dada, ulijua tangu Jumatatu?" mkuu akaniuliza.

"Nilijua."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu. Alitoka nje na simu yake, nikamsikia: "Fungua daftari la kazi la Jumatatu. Kisahani gani kimefutwa kwenye orodha? Cha mgonjwa yupi? Sasa nisomee vipimo vya dawa vya mgonjwa huyo. Kimojakimoja."

Akarudi. "Dawa sita hazifanyi kitu, na hiyo mliyomtundikia ni mojawapo. Ya saba ina duara."

Wakabadilisha dripu. Siku mbili sikutoa macho kwenye wino. Waliuchora upya mara mbili, na kila mara ulikuwa karibu zaidi na bega. Nesi akinishika mkono nikanywe maji, namwambia kaa hapa wewe, tazama, usipepese. Jumamosi mchana wekundu ulikuwa nyuma ya mstari kwa upana wa ukucha. Nilimwita daktari aje aone, nisije nikawa najidanganya.

Mwanangu alipopata fahamu, aliuliza, "Nani amewaambia?"

"Mimi."

Akageukia ukutani. Hakusema nami mpaka mkuu wake alipokuja jioni, na hata hapo alisema na yule.

"Duara la ile ya saba lilikuwa na upana gani?"

"Milimita kumi na tisa."

"Mwaka jana tulipima ishirini na sita."

"Najua."

"Baada ya hiyo kuna nini kingine?"

Mkuu akaanza kunyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo. Nikauliza kama kumi na tisa ni kubwa au ndogo. Mwanangu aliutoa mkono wake mzima chini ya shuka, akautafuta wangu.