Kamera Inapotafuta Pa Kushika

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mbeya, mwenye studio alinikabidhi kamera ya filamu na kunituma kwenye shughuli ya akina mama. Alikuwa mfanyabiashara Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Tanga, na aliniajiri kwa sababu bibi harusi akipakwa hina, mpigapicha mwanamume haingii. Akaniambia, "Mwanangu, ukichungulia kwa jicho moja, la pili usilifunge. Hilo ndilo litakuonyesha nani anakuja." Nililifunga, na shangazi mmoja akanikatiza mbele na sinia la visheti.

Kazi hiyo nimeifanya Mbeya, Iringa na Mafinga mpaka nimestaafu, na sina picha yangu mwenyewe ya maana. Anayepiga hayumo, na hakuna anayelifikiria hilo. Huku kwetu ukifa, picha yako hutangulia mbele ya jeneza pamoja na msalaba. Nimewaona wafiwa wakihangaika kukata kichwa cha marehemu kutoka kwenye picha ya kikundi cha kwaya. Sitaki wanangu wanifanyie hivyo.

Kamera ya dijitali, ile ya DSLR, nilikutana nayo Iringa, nilipofanya kazi chini ya afisa habari mmoja mtanashati, asiyependa kusubiri. Vijana mnaotumia simu sikilizeni hapa. Ndani ya kamera hiyo kuna kioo. Ukichungulia kwenye kitundu, kioo kinakuletea mwanga jichoni, na mwanga mwingine kidogo unashuka chini kwenye kihisi ambacho kazi yake ni fokasi tu, yaani kulenga ili picha itoke kali. Kihisi hicho kinajua papo hapo lenzi izunguke upande gani na kwa kiasi gani. Unabonyeza nusu, imeshika.

Ukitaka kuona picha kwenye skrini ya nyuma, ile hali mnayoiita laivu, kioo kinainuka na kihisi kile kinabaki gizani. Hapo kamera zile zilikuwa zinatafuta zenyewe kwa kuitazama picha. Lenzi inakwenda mbele, inapitiliza, inarudi, mpaka kingo za vitu zionekane kali. Ilichelewa, lakini ilipotulia ilikuwa sahihi kuliko kitundu, maana ilipima picha ileile itakayotoka. Ila ilihitaji kitu chenye mistari au madoa. Ukiielekeza kwenye ukuta mtupu, inahangaika tu.

Afisa habari aliipenda skrini kwa sababu aliweza kunichungulia begani. Siku ya kuzindua kisima Ipogolo nilimtii. Mgeni rasmi akashika mkasi, lenzi ikaenda mbele, ikarudi nyuma, utepe ukakaribia kukatwa. Nikaizima skrini, nikaweka jicho kwenye kitundu na kubonyeza. Tukaipata. Afisa akanipangusia vumbi begani na kusema, "Mama, mgeni rasmi hasubiri kamera," kana kwamba ujanja ulikuwa wake. Nilicheka peke yangu njia nzima.

Kisha familia yetu ikahamia Mafinga, alikojenga mume wangu, dereva wa malori ya mbao. Yeye alikuwa barabarani, mimi nilikuwa kwenye harusi za watu. Tangu harusi yetu hatukuwahi kutokea pamoja kwenye picha moja. Alipofariki, wanangu walikuwa wameshaondoka kwenda kwenye maisha yao. Nyumba ikawa kubwa ghafla. Nilikuwa nawasha redio nisikie mtu akiongea.

Mwezi uliopita binti yangu alinipigia simu, nikamweleza kwamba sina picha ya kutangulia jeneza langu. Akasema nimwite jirani anipige kwa simu. Nikamjibu kwamba jirani hajui hata kushika simu wima, ila kusema kweli niliona uchungu kumwomba mtu baki.

Nikaweka kamera kwenye tripodi sebuleni, nikageukia skrini, maana hapakuwa na wa kuchungulia kwenye kitundu. Kiti kilikuwa kitupu na ukuta nyuma yake mweupe. Lenzi ikahangaika, mbele, nyuma, haikushika kitu. Nikaenda chumbani, nikatoa koti la mume wangu la drafti, la baridi ya Julai, nikalitandika kwenye egemeo la kiti. Kamera ikashika mara moja. Nikaweka saa ya kuchelewesha, nikatembea haraka nilivyoweza, nikakaa.

Nilipoikuza picha nikaona kosa. Fokasi ilishafungwa kwenye koti, nami nilikaa mbele yake, hivyo drafti zinahesabika moja moja na uso wangu una ukungu kidogo. Dawa yake naijua: unafunga tundu la lenzi zaidi ili vya mbele na vya nyuma vyote vitoke vikali, au unalilaza koti pale kifua chako kitakapokaa. Nimewafundisha wengi.

Nilimtumia binti yangu. Akanipigia.

"Mama, umetoka ukungu. Utarudia?"

"Sirudii," nikamwambia. "Ndiyo hiyo mtakayoibeba. Tumekaa wawili."