Nzilani Hapendekezi Asichokimaliza

Ukimpelekea fundi Nzilani suruali pale Kambu akupunguzie miguu, usiivae kabla ya kupapasa mifuko. Kuna karatasi humo, imekunjwa mara nne. Dereva mmoja wa lori, mtu wa kufokea kila aliyempita, alikuta ameandikiwa: "Podikasti ya yule mama wa kufuga nyuki, kipindi cha nne. Sikiliza yote, upunguze kelele." Wiki iliyofuata alirudi na suruali isiyo na kasoro yoyote, akitaka karatasi nyingine.

Ndivyo alivyo, na hajawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Vitabu vyake ni vya mitumba, huvichagua mwenyewe sokoni Mukuyuni. Nyimbo na vipindi huvisikiliza kwenye simu huku akikanyaga cherehani, na mteja akisimama kupimwa kiuno, jicho la Nzilani huwa linapima na mengine. Mzee Nzomo wa kwaya ya kanisa alipendekezewa taarabu. Alinuna siku mbili, ya tatu akasikika akiipiga mluzi. Sharti la Nzilani ni moja tu: hapendekezi asichokimaliza. Wanaosifia kitabu kwa kusoma jalada anawaita waongo, tena bila kupunguza sauti.

Ndiyo maana kosa la Januari lilimuuma sana.

Sare za shule zilikuwa zimemfika shingoni. Abshiro, mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, akaja na dera tatu za kupindwa. Walikuwa marafiki wa miaka sita, na hakuna aliyezingojea karatasi zile kwa hamu kumshinda Abshiro. Nzilani alikuwa na riwaya aliyoifikisha katikati, ya binti mmoja mfanyabiashara wa ngamia, anayetaniana na mamake tangu ukurasa wa kwanza. Akajiambia, hii ni ya Abshiro kabisa, mimi nitaimalizia siku nyingine. Akaifunga pamoja na dera.

Karibu na mwisho wa riwaya ile mama anafariki. Binti yuko safarini, na anapofika kaburi limeshafukiwa. Nzilani hakulijua hilo. Lakini alijua vizuri kwamba mwaka uliotangulia Abshiro alipanda basi kwenda Garissa kumzika mamake, akakuta watu wanarudi kutoka makaburini.

Abshiro alikileta kitabu mwenyewe.

"Mama Mwau," alimwambia Nzilani, "hii kitabu ulisoma yote?"

"Sikumaliza."

"Nilijua. Ungemaliza, haungenipatia."

Akakiweka juu ya meza, akavuka barabara. Tangu siku hiyo dera za dukani kwake zikawa zinapelekwa kwa fundi mwingine.

Nzilani alilia, kisha akakasirika, na hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe. Mwingine angebeba sukari na majani ya chai, akaomba msamaha, mambo yakaisha. Yeye aliona hiyo ni njia ya mkato. Kwanza aliimaliza riwaya, kurasa zote mia moja na tisini. Halafu akavuka barabara.

"Mama Sabrin," alimwambia Abshiro, "leo sikuletei kitu. Nimekuja kuomba. Nipatie ile kitu wewe unapenda, na nitamaliza."

Abshiro alimkazia macho kama anayetaka kumfukuza. Mwishowe alichukua simu, akamtumia sauti iliyorekodiwa.

"Ni hooyo, mama yangu. Ni mashairi yake, ndugu yangu alimrekodi. Ni Kisomali yote, dakika arobaini na moja. Haya, maliza."

Ilikuwa adhabu, na Nzilani aliijua kuwa adhabu. Akaiweka masikioni. Siku ya kwanza alisikia bibi mwenye sauti ya kukwaruza, basi. Siku ya pili alianza kujua mahali anapovuta pumzi, na mahali anapopiga makofi. Maana ya neno hata moja hakuipata. Mteja akimsemesha, aliinua mkono kumwambia angoje, na mawazo yakimtoroka alirudi mwanzo kabisa. Watu wakasema fundi ameingiwa na kiburi. Siku ya nne alifika mwisho bila kuruka hata dakika moja.

Alimkuta Abshiro akipima kitambaa.

"Nimemaliza."

"Na umeelewa nini?"

"Hakuna. Lakini pale mwisho, mashairi ikiisha, ananyamaza kidogo, halafu anaita jina yako mara tatu. Halafu anacheka."

Kitambaa kilimtoka Abshiro mikononi.

"Wapi?"

"Mwisho kabisa. Dakika ya arobaini."

"Mimi sijawahi kufika huko," Abshiro alisema. "Nikisikia sauti yake dakika tano, nazima."

Ulimi ulimwasha Nzilani. Kumbe kuna wengine wanaopendekeza wasichokimaliza! Akalimeza neno hilo, na kwa mtu wa mdomo wake haikuwa kazi ndogo. Alizunguka kaunta, akakaa juu ya marobota ya vitambaa, akamvuta mwenzake kando yake. Upande mmoja wa visikizi vya simu aliuweka kwenye sikio la Abshiro, wa pili kwenye lake.

"Tunaanza mwanzo," alisema. "Na hakuna kuzima."

Dakika ya tano Abshiro alinyoosha mkono kwenye simu. Nzilani akaushika mkono huo, hakuuachilia. Wanunuzi waliingia, wakawatazama, wakatoka. Mashairi yakaisha, kukawa kimya, kisha yule mama akaita mara moja, mara ya pili, mara ya tatu.

"Haa, hooyo," Abshiro akaitika.